Soksi za Fedha na Miguu ya Mwaitu

Msomaji mpenzi, ikiwa unausoma ukurasa huu ukiwa Mua, Iveti au hata papa hapa mjini Machakos, bila shaka umejikunyata ndani ya sweta na kikombe cha chai ki mkononi. Watu wa pwani husikia kwamba Ukambani ni nchi ya jua na ukame, wakadhani sisi baridi hatuijui. Na waje Julai. Mji wetu uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na vilima vinavyouzunguka viko juu zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna siku ambazo jua halionekani hadi saa sita za mchana, ukungu huteremka hadi kwenye mahindi, na sakafu ya saruji ukiikanyaga asubuhi hukuuma kama iliyotiwa barafu.

Kila msimu huu ufikapo huulizwa juu ya soksi. Zamani maswali yalikuwa mepesi: mtoto anunuliwe za aina gani, na za mitumba zina madhara au hazina. Siku hizi limezuka swali jipya. Kuna soksi zilizofumwa kwa nyuzi za fedha, yaani ile madini ya fedha wala si noti, ambazo huuzwa kwa bei kubwa ng'ambo na kuletwa huku na jamaa zetu. Yasemwa kwamba soksi hizo hupitisha umeme, na kwamba mtu akizivaa wakati wa baridi ataweza kukanyaga ardhi na kupata nguvu zake bila kugandisha nyayo. Wasomaji wanataka kujua wachague zipi.

Ningependa kulijibu swali hili kwa utulivu kama mtu asiyehusika. Siwezi, kwa sababu mwaka jana liliingia nyumbani kwetu.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Marekani, katika jimbo ambalo theluji hukaa miezi mingi. Ni kijana mwenye moyo. Mwezi haupiti bila kumpigia mama simu, na kila akipata mtu anayekuja nyumbani humfungia kitu. Safari hiyo alituma jozi tatu za soksi za rangi ya kijivu, laini ajabu, na maagizo kwa simu: Mwaitu avae jozi moja kila asubuhi, atoke nje bila viatu, asimame kwenye nyasi kwa nusu saa. Alikuwa amesoma kwamba jambo hilo hupunguza maumivu ya viungo, huleta usingizi, na hata husaidia wenye ugonjwa wa sukari. Mama yetu ana sukari huu mwaka wa kumi na mbili.

Mama alicheka. "Mwanangu, nimeukanyaga udongo huu miaka sabini na minne, na leo natumiwa soksi za kuukanyagia?"

Lakini zawadi ya mtoto aliye mbali haikataliwi. Kesho yake alfajiri alizivaa akatoka. Umande wa Mua mwezi wa Julai mnaujua. Hauna tofauti na mvua iliyolala chini. Dakika chache tu soksi zililowa chepechepe. Yeye akavumilia nusu saa yake, akirudia maombi yake ya asubuhi, kisha akaingia jikoni, akavua soksi, akaketi kwenye kigoda na kunyoosha miguu karibu na mafiga ipate joto. Alifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne mjukuu wake aliyekuwa akipika uji alinusa.

"Susu, ni nini kinachoungua?"

"Labda ni karatasi ya plastiki imeingia motoni," akajibu mama.

Kilichokuwa kinaungua ni kidole gumba cha mguu wake wa kulia. Kilikuwa karibu na kaa la moto, na yeye hakuhisi lolote.

Mimi nilikuja kuambiwa siku tatu baadaye, na nikaambiwa kwamba ni lengelenge dogo tu, nisiache kazi. Akina mama wa rika lake ndivyo walivyo. Hawapendi kuwa mzigo. Nilipofika Jumamosi na kukifungua kile kitambaa cha leso alichokuwa amekizungushia, nilijuta kwa nini sikuja siku ile ile. Tulimpeleka hospitali. Muuguzi aliyekiosha kidonda hakupayuka, ila alisema jambo moja ambalo sijalisahau: "Mama, kwa mwenye sukari, siku tatu ni nyingi mno."

Hapo ndipo daktari alipomfanyia jaribio ambalo ningependa kila mwenye mzazi mgonjwa wa sukari alijue. Alimwambia afumbe macho, akachukua uzi mmoja mgumu kidogo wa nailoni na kuugusisha kwenye wayo mahali mbalimbali, huku mama akitakiwa aseme "ndiyo" kila akihisi. Katika mahali kumi, alihisi mara tatu. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nikiuona uzi ukipinda juu ya ngozi yake na yeye kimya, uso umetulia, akingojea kuguswa.

Sukari ikikaa mwilini kwa wingi miaka mingi huharibu neva, na zile za miguu, kwa kuwa ni ndefu, ndizo huanza. Mtu hudhani ana ganzi ya uzee. Anaweza kukanyaga msumari na kuendelea na safari, kiatu kikamchubua asijue, au akaungua kama mama. Na kwa kuwa mara nyingi damu nayo haifiki miguuni vizuri, kidonda hicho hakiponi upesi. Kidonda cha mama kilianza Julai, kikafunga mwisho wa Oktoba, baada ya kuoshwa siku moja baada ya nyingine. Ukucha haujarudi. Kidole kipo, na tunashukuru.

Basi kosa ni la soksi? Ndugu yangu alipojua alilia kwenye simu, na mama ndiye aliyembembeleza. La, moto ndio uliomchoma. Lakini asingekuwa motoni na miguu ya baridi kama soksi zisingelowa, na zisingelowa kama asingeambiwa asimame kwenye umande bila viatu. Kwa hiyo nilitaka kujua hasa zile soksi zinafanya nini. Nilizichukua jozi moja nikazipeleka kwa fundi wa redio na simu hapa mjini, mtu ninayemwamini kwa sababu huwa hasemi "nimetengeneza" kabla hajatengeneza.

Fundi alitoa mita yake ya kupimia umeme, yenye nyaya mbili, moja nyekundu na moja nyeusi. Akagusisha waya mmoja kwenye kidole cha soksi na wa pili kwenye kisigino. Mita ikalia pii. "Hii inapitisha kweli, Mama," akasema, akashangaa kidogo. Nikamtolea soksi ya kawaida ya pamba, kavu. Kimya. Akainyunyizia maji yenye chumvi kidogo. Mita haikulia, lakini zile namba zake zilianza kucheza. Kumbe hata soksi ya pamba iliyolowa jasho hupitisha umeme kiasi fulani. Halafu akaniomba kiatu changu. Akaitia soksi ya fedha ndani, waya mmoja akauingiza juu yake, wa pili akaugusisha chini ya soli ya mpira. Kimya kabisa.

"Hapa njia imefungwa," akasema na kunirudishia kiatu.

Msomaji, mambo yote ya soksi hizi yamo katika jaribio hilo la dakika tano. Umeme hauruki mpira. Ukivaa soksi za fedha ndani ya viatu vyenye soli ya mpira au ya plastiki, au ukavaa slipa, ardhi na wewe hamjakutana. Ndani ya nyumba pia, ukisimama juu ya vigae, mbao au kapeti ya plastiki, hakuna kitu. Saruji tupu iliyomwagwa juu ya udongo hupitisha kidogo, hasa ikiwa na unyevu. Kwa hiyo ili soksi hiyo ifanye kazi yake ni lazima uvae peke yake na ukanyage udongo au nyasi, na udongo mkavu wenyewe hupitisha vibaya. Ule mzuri kwa kazi hiyo ni uliolowa. Na soksi ikikanyaga kilicholowa, italowa. Soksi iliyolowa wakati wa baridi huondoa joto mguuni upesi kuliko soksi kavu. Yaani mtu anunue kitu cha kumkinga na baridi, ambacho hakifanyi kazi mpaka kimtie baridi!

Sasa, na hizo nguvu za ardhi? Tuseme lililo kweli. Mwili hukusanya umeme kidogo kwa msuguano. Vua sweta ya akriliki usiku wa kiangazi, gizani, utasikia ikitatarika na pengine utaona vicheche. Ukigusa ardhi, umeme huo huondoka mara moja. Hilo halina ubishi. Lakini kutoka hapo kwenda kwenye madai kwamba kugusa ardhi huponya ni safari ndefu. Mtu aliyeyaeneza sana ni Mmarekani, Clinton Ober, ambaye hakuwa daktari. Alikuwa na kazi katika biashara ya televisheni za nyaya. Mwaka 2010 yeye na wenzake wawili, Stephen Sinatra na Martin Zucker, walitoa kitabu juu ya jambo hilo. Kuna tafiti zilizofanywa, lakini ni za watu wachache wachache, na baadhi ya waliozifanya wana uhusiano na biashara ya kuuza mikeka na vifaa vya namna hiyo. Hakuna utafiti mkubwa uliothibitisha kwamba soksi au mkeka wa aina hiyo hutibu sukari.

Nami nina ushahidi wangu wa kienyeji, ambao daktari hataukubali lakini mama aliukubali. Vilima hivi vya Machakos viliokolewa na vikundi vya mwethya. Mmomonyoko ulipokuwa umekula mashamba, akina mama waliingia na majembe wakachimba mitaro na kuinua matuta, kilima baada ya kilima, wakirushia udongo upande wa juu. Matuta hayo ya "fanya juu" yanajulikana kwa jina hilo hilo la Kiswahili hadi nchi za mbali na katika vitabu vya wataalamu. Wengi wa akina mama hao walichimba miguu mitupu, kutwa nzima, mwaka hadi mwaka. Kama kukanyaga udongo kungekuwa dawa ya viungo, basi magoti ya akina mama wa mwethya yangekuwa magoti bora kuliko yote duniani. Muulize mama yako kama ndivyo yalivyo.

Isitoshe, udongo wetu una mengine. Funza wangali wapo. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya mguu mtupu, na kidonda cha mwiba au msumari huweza kuleta pepopunda. Soksi, hata iwe ya fedha, haizuii mwiba. Simwambii mtu mzima mwenye miguu yenye afya aache kutembea nyasini pake kwa raha yake. Raha nayo ni kitu. Lakini mwenye sukari asikae miguu mitupu, nje wala ndani.

Kuna mahali ambapo mavazi ya kupitisha umeme yana kazi ya haki. Mafundi wanaoshughulikia nyaya za umeme mkubwa bila kuuzima huvaa nguo maalumu zenye nyuzi za chuma, pamoja na soksi na viatu vya namna hiyo. Katika viwanda vya vifaa vya elektroniki wafanyakazi huvaa viatu vinavyouachia umeme wa msuguano uende chini, maana cheche ndogo yaweza kuharibu kifaa. Zamani katika vyumba vya upasuaji, dawa ya kulaza wagonjwa ilipokuwa etha inayoshika moto, wauguzi na madaktari walivaa viatu vya namna hiyo ili isitokee cheche. Lakini fundi wa kawaida anayekuja kukutengenezea soketi anahitaji kinyume chake, soli nene ya mpira isiyopitisha kitu. Kijana wako akisomea kazi hiyo, usimnunulie soksi za fedha hata kama ni laini.

Na yule anayeuziwa mkeka wa kuchomekwa kwenye tundu la ardhi la soketi, ajue kwamba mkeka huo hutegemea waya ambao mafundi huuita ethi. Katika nyumba nyingi za kupanga waya huo haukufungwa popote, au ulifungwa vibaya. Hapa umeme wetu ni volti 240. Mimi singemlaza mtoto juu ya kitu kilichochomekwa hapo kabla fundi hajapima.

Sasa tuje kwenye soksi za kununua, maana baridi ipo na miguu inataka kuvishwa.

La kwanza ni ukavu, kabla hata ya unene. Pamba ni laini na bei yake ni nafuu, ila hunywa maji na kukaa nayo. Kwa mtu wa ofisini au nyumbani yatosha. Sufu ni ghali lakini hushika joto hata ikiwa na unyevu kidogo, na anayetoka alfajiri kukamua ng'ombe akiipata asiiache. Nailoni tupu hukauka upesi lakini mguu hutoa jasho ndani, na jasho likipoa utajua. Iliyo nzuri kwa wengi wetu ni pamba iliyochanganywa na nyuzi nyingine kidogo ili isilegee. Soksi mbili nene ndani ya kiatu kile kile kilichokuwa kikikutosha na moja hazikuletei joto. Hubana mguu, damu isipite, na mguu usiopata damu ndio huo wa baridi.

Kwa mzee, na hasa mwenye sukari, geuza soksi nje-ndani dukani na upitishe kidole chako mahali pa mshono wa mbele. Ukiuhisi kama kamba, iache, hata muuzaji akununie. Lastiki ya juu isiache alama mguuni, ikiacha, inabana. Chagua rangi nyeupe au nyingine nyepesi. Wengi hukimbilia nyeusi kwa sababu hazionyeshi uchafu, na hilo ndilo kosa lenyewe: tone la damu au usaha kwenye soksi nyeupe ndilo litakalokuambia kwamba kuna kidonda ambacho mguu wenyewe umeshindwa kukuambia. Mimi sasa humfulia mama soksi zake nikizikagua moja moja kabla ya kuzitia majini. Abadilishe kila siku, na kila jioni mtu amtazame nyayo na katikati ya vidole. Maji ya kunawa miguu yapimwe kwa kiwiko, kiwiko cha mtu mwingine ikiwezekana. Asiwekewe chupa ya maji ya moto miguuni kitandani. Na mafiga yakae mbali. Miguu ivishwe soksi kavu na kufunikwa blanketi, basi.

Kwa mwanafunzi anayepita kwenye nyasi zenye umande, jambo ni moja: jozi ya pili ndani ya mkoba. Zamani tungesema aifunge kwenye karatasi ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hiyo mshonee kifuko cha kitambaa. Akifika shuleni abadilishe. Soksi za mitumba hazina ubaya zikifuliwa vyema kwa maji ya moto na sabuni na kukaushwa sawasawa, ingawa kukausha Julai ni kazi. Usizianike juu ya moshi. Hukakamaa na kumchubua mtoto.

Aliyekwisha kununua au kutumiwa za fedha asizitupe. Ni soksi nzuri kama soksi. Azifue kwa sabuni ya kawaida, asitie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe kwa sababu huiharibu fedha, na asishangae zikianza kuwa nyeusi nyeusi kwa jasho.

Mama ana zile jozi zake tatu mpaka leo. Nilitaka kuzificha, akakataa. Huvaa jozi moja kila Jumapili kwenda kanisani, ndani ya viatu vyake vya soli nene ya mpira, baada ya mjukuu kukagua nyayo. Wiki iliyopita nilimuuliza kwa nini hasa hizo, na soksi nyeupe nilizomnunulia zimejaa kabatini.

"Ndugu yako huomba picha," akasema. "Asipoziona atadhani bado nina kidonda."